Nukta na Doa: Juu ya Uaminifu wa Nakala

Mtu akiupiga picha waraka mkongwe, kisha akaisafisha picha ile hata maandishi yakang'aa juu ya ukurasa mweupe, je, alicho nacho mkononi ni nakala ya waraka ule, au ni waraka mwingine? Swali hili laonekana kuwa la mafundi wa mitambo, wala si la walimu wa lugha. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba ni swali la maadili, na kwamba, kwa upande wa maandishi yetu ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hakuna awezaye kulijibu vema ila yule aijuaye lugha yenyewe.

Tuchukue mfano wa pwani ya kaskazini ya jimbo la Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kuanzia Mto Ruvuma na ghuba ya Tungi, kupitia Mocímboa da Praia, hata Quissanga na kisiwa cha Ibo. Wenyeji wa pwani hii wengi husema Kimwani, lugha iliyo ndugu wa Kiswahili. Katika karne ya 19 watawala na wakubwa wa pwani hiyo, walipowaandikia maofisa wa Kireno, walitumia Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Sehemu ya barua hizo imehifadhiwa mjini Maputo katika Arquivo Histórico de Moçambique, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1934, na wataalamu kama Liazzat Bonate na Chapane Mutiua wamezichunguza. Hizi si karatasi za mapambo. Mwaka 1887 Wareno waliinyakua Tungi kutoka katika milki ya Sultani wa Zanzibar. Katika nchi iliyogombewa namna hiyo, neno moja la barua liliweza kuwa na uzito wa mpaka mzima.

Kabla ya zama za kompyuta, njia iliyoaminiwa sana na maktaba za dunia kwa kuhifadhi karatasi za namna hii ilikuwa mikrofilamu, yaani utepe wa filamu ambao juu yake ukurasa mzima hupunguzwa hata ukawa kama stempu ya posta. Ni kwa njia hiyo Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, kilipata nakala za majalada mengi ya Nyaraka za Taifa za Kenya. Leo tepe za aina hiyo hupitishwa katika skana ili picha zake ziingie katika kompyuta, na karatasi ambazo hazikuwahi kupigwa filamu hupigwa picha moja kwa moja. Katika hali zote mbili, yule aketiye mbele ya mtambo hulazimika kuchagua vipimo, na kila kipimo anachokichagua ni uamuzi juu ya maneno ya mtu mwingine.

Uamuzi wa kwanza ni wingi wa vitone, ambavyo mafundi huviita pikseli. Husemwa mara nyingi kwamba vitone 300 kwa inchi vyatosha kwa maandishi. Lakini hesabu hiyo ni ya karatasi ya asili, wala si ya filamu. Ikiwa ukurasa umepunguzwa mara 15, skana haina budi kuusoma utepe kwa vitone 4,500 kwa inchi ndipo ipatikane sura ya vitone 300. Uamuzi wa pili ni rangi. Mtambo waweza kuamrishwa ukihesabu kila kitone ama cheusi ama cheupe, pasipo daraja baina yake. Au waweza kuruhusiwa kuhifadhi daraja 256 za kijivu. Njia ya kwanza hutoa faili dogo na ukurasa safi. Njia ya pili hutoa faili kubwa na ukurasa wenye ukungu, mikunjo na alama za maji. Uamuzi wa tatu ni kufuta madoa: kompyuta huvitafuta vitone vyeusi vilivyojitenga, ikaviona kuwa ni uchafu, ikaviondoa.

Hapa ndipo penye hatari, na kila mwalimu aliyewahi kufundisha herufi za Kiarabu ataiona mara moja. Mwandiko huo husimama juu ya nukta. Herufi za be, te, the, nuni na ye, zikiwa mwanzoni au katikati ya neno, zote ni jino moja; kinachozipambanua ni idadi ya nukta na mahali zilipo. Na nukta ni nini machoni pa mtambo? Ni kitone cheusi kilichojitenga. Nukta ya kalamu yenye upana wa nusu milimita, ikisomwa kwa vitone 300 kwa inchi, hupata vitone kama sita vya upana; ikisomwa kwa vitone 100, hubakiwa na viwili tu. Kompyuta iliyoambiwa ifute kila kilicho kidogo haitauliza kama kidogo hicho kilidondoka kutoka katika kalamu ya karani au ni kinyesi cha nzi.

Tutazame maneno mawili: "analipa" na "atalipa". Katika mwandiko wa Kiarabu irabu zake ni zile zile, na mifupa ya herufi ni ile ile. La kwanza lina nuni, yenye nukta moja juu. La pili lina te, yenye nukta mbili. Ikifutwa nukta moja, ahadi ya kesho yageuka kuwa tendo la leo. Ikisalimika tobo ya mdudu kando ya nukta, mtu anayelipa ageuka kuwa mtu atakayelipa. Kadhalika "kuza" yaweza kuwa "kura", kwa kuwa ze ikipoteza nukta yake ni re. Katika barua ya deni, au ya mapatano baina ya mtawala na mtawala, tofauti hizi si ndogo hata kidogo.

Baadhi ya wenzetu watasema: aliyesafisha hakukusudia uwongo, basi kosa lake liko wapi? Hoja hii yastahili kujibiwa kwa heshima. Ni kweli kwamba mwongo ni yule asemaye kinyume cha ajualo. Lakini mimi naona kwamba madhara makubwa ya picha iliyosafishwa kupita kiasi si kule kupotea kwa nukta. Ni kupotea kwa shaka. Ukurasa wenye madoa humwambia msomaji, "Hapa pana giza, tazama tena." Humwachia nafasi ya kulinganisha, kuuliza na kubishana. Ukurasa uliong'arishwa humnyang'anya nafasi hiyo bila yeye kujua, kwa sababu haonyeshi penye mashaka. Shaka ile ilikuwa mali ya msomaji. Mwingine ameitumia kwa niaba yake, wala hakumwarifu.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 2013 huko Ujerumani, David Kriesel aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu katika kurasa zilizoskaniwa. Ili kupunguza ukubwa wa faili, mtambo ulikusanya maumbo yanayofanana, ukatumia umbo moja badala ya jingine. Sita ikageuka nane. Nambari hizo zilitoka safi, zikiwa zimenyooka, pasipo dalili yoyote ya kasoro. Zingalikuwa na ukungu, mtu angalizichunguza. Kwa kuwa zilipendeza, ziliaminiwa.

Haifuati, hata hivyo, kwamba tuwape wanafunzi picha zenye giza tukidhani huo ndio uaminifu. Mwanafunzi asiyeweza kusoma waraka hajapewa waraka, na nakala isiyosomeka ni kama kisima kisicho na kamba. Kuongeza weusi wa wino uliofifia, kupunguza manjano ya karatasi, kunyoosha ukurasa uliopinda, yote hayo ni huduma njema kwa msomaji. Jambo lililo la lazima ni kutenganisha nakala mbili. Ya kwanza ni nakala ya amana: hupigwa kwa daraja zote za kijivu, au kwa rangi ikiwa karatasi yenyewe ipo, na haiguswi tena. Ya pili ni nakala ya kusomea: hiyo husafishwa kadiri ya haja, ikaandikwa waziwazi kwamba imesafishwa, na kwa namna gani. Mwenye kutilia shaka neno airejee ya kwanza.

Wanakili wa zamani walikuwa na adabu ambayo sisi wa zama za mitambo tumeiacha. Mara nyingi mnakili wa hati, alipomaliza kazi yake, aliandika jina lake na tarehe mwishoni, na akamwomba msomaji amsamehe na kumsahihishia penye kosa. Msomaji alijua kwamba baina yake na mtunzi pana mkono wa mtu, na mkono wa mtu hukosea. Picha ya kompyuta haina saini. Hujifanya kwamba hakuna aliyekaa katikati. Kumbe yupo, naye amechagua vipimo. Basi naye na atie saini: nani aliskani, lini, kwa vitone vingapi, na alifuta nini.

Katika Cabo Delgado jambo hili limepata uzito mpya. Tangu shambulio la Mocímboa da Praia la Oktoba 2017, na baadaye la Palma la Machi 2021, mamia ya maelfu ya watu wameyahama makazi yao, na nyumba nyingi zimechomwa. Anayekimbia usiku na watoto mgongoni hakumbuki kitabu cha babu kilichomo sandukuni. Kwa hiyo ipo hatari kwamba picha iliyopigwa leo ya hati ya nyumbani itakuwa ndiyo hati pekee itakayobaki kesho. Karatasi ikiwapo, kosa la skana husahihishwa kwa kuifungua upya. Karatasi ikiteketea, vipimo vilivyochaguliwa na kijana mmoja mbele ya mtambo vimekuwa hukumu isiyokatiwa rufani.

Wajibu wetu walimu ni upi basi? Sisi si mafundi wa skana, lakini sisi ndio tunaojua kwamba nukta si doa. Mahali popote ambapo hati za Kiswahili zinapigwa picha, pawe msikitini, nyumbani au maktabani, asikosekane mtu awezaye kuzisoma. Naye, kabla mamia ya kurasa hayajapita, achukue ukurasa mmoja ulio mbaya kuliko yote, auskani kwa vipimo mbalimbali, kisha ahesabu nukta moja moja akilinganisha na karatasi au filamu yenyewe. Kazi hii huchukua saa moja. Kadhalika darasani, wanafunzi wanaojifunza herufi hizi wapewe picha mbili za waraka mmoja, iliyosafishwa na isiyosafishwa, waulizwe ni wapi zinatofautiana na ni ipi waiamini. Watajifunza herufi, na pamoja na herufi watajifunza kumwogopea haki mtu ambaye hayupo tena kujitetea.