Wiki Moja ya Oktoba

Desemba ikifika, wahariri na watangazaji hupanga habari kubwa za mwaka: ya kwanza, ya pili, hadi ya kumi. Wasikilizaji nao wana orodha zao, barazani na ndani ya daladala, na ubishi huwaka. Wote hulitumia neno "kubwa" bila kuulizana linapima nini.

Kwa Watanzania, nafasi ya kwanza ya mwaka 2021 haikuwa na mjadala. Usiku wa Machi 17, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alitokea kwenye televisheni kutangaza kifo cha Rais John Magufuli. Siku mbili baadaye aliapishwa, mwanamke wa kwanza kuwa rais wa nchi hiyo. Watu bado wanakumbuka walikuwa wapi usiku ule. Habari ya aina hiyo hujipanga yenyewe.

Kazi iko kwa zile zinazofuata.

Chukua wiki moja ya Oktoba mwaka huohuo. Jumatatu, tarehe 4, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Jumatano, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, kwa watoto wa Afrika. Alhamisi, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, akatangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Ya Jumatatu ilimgusa kila mwenye simu. Muuza nguo anayepokea oda kwa WhatsApp alihesabu hasara siku ileile. Lakini mtandao uliporudi, habari nayo ikaisha: kishindo kilikuwa ndio ukubwa wake wote.

Ya Alhamisi iliendelea kukua. Furaha ya pwani ilizaa swali: mwandishi aliyeondoka kwao akiwa kijana, baada ya Mapinduzi ya 1964, na kuandika kwa Kiingereza, ni wa nani? Mwaka uliofuata riwaya yake Paradise ikatoka kwa Kiswahili, Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis, na wasomaji wengi wakaanza kumjua kwa lugha yao.

Hata hivyo, mwandishi wa makala haya angeitanguliza ya Jumatano. Chanjo hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1987. Majaribio yake makubwa yalipita Bagamoyo, Korogwe na Kilifi, kwa akina mama waliokubali watoto wao wachomwe sindano ambayo matokeo yake yalikuwa hayajajulikana. Chanjo ilipopendekezwa, malaria ilikuwa ikiua zaidi ya watoto 260,000 wa chini ya miaka mitano kila mwaka barani Afrika. Mama aliyewahi kumshika mtoto mwenye degedege usiku, kituo cha afya kikiwa mbali, hahitaji kufafanuliwa takwimu hiyo.

Mbona basi haikupigiwa kelele? Kwa sababu habari yake ni mtoto ambaye homa haikumchukua, na jambo lisilotokea halina picha wala saa ya kutangazwa. Tena chanjo yenyewe haikuwa kinga kamili. Katika nchi za majaribio ilipunguza malaria kali kwa takriban asilimia 30. Kuiweka juu Desemba ile kulikuwa kuiamini ahadi, ilhali mpangaji wa habari amezoea kupima yaliyokwisha kutokea.

Januari 2024 Kameruni ikaanza kuitoa katika chanjo za kawaida za watoto. Orodha za 2021 zilikuwa zimechapishwa miaka miwili kabla.