Tairi la Nyuma

Pikipiki yangu ni ya spoti, na tairi lake la nyuma ni 180/55 ZR17, saizi ambayo hapa Dar huikuti kila duka. La kwanza nililoonyeshwa nilisoma tarakimu nne ubavuni: 2217, yaani wiki ya 22 ya mwaka 2017. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Nikaliacha, nikanunua la bei zaidi, mpira mgumu katikati kwa safari ndefu, laini pembeni kwa kulalia kona.

Shida ilianza fundi alipolivua lile la zamani. Katikati kipara, kashata zimebaki pembeni tu.

“Kaka, niachie hili. Kuna dogo ana mashine kama yako, atatoa elfu sitini.”

Nikajibu kwa sauti ya mtu mwema kwamba mimi siuzi kifo. Fundi akacheka.

“Lakini si umekuja nalo?”

Nikanyamaza. Miezi miwili nilijua limeisha, na karibu kila jioni nilimpakia mdogo wangu kumtoa chuo, hata siku za mvua. Sehemu inayogusa lami ni kama kiganja tu. Yeye hakuulizwa. Yule dogo angalau angeliona tairi kabla ya kulipa.

Sasa kwa nini dhamiri iamke kwa mgeni, ilale kwa ndugu? Nadhani (wala sijivunii) ni kwa sababu kuuza kuna shahidi na bei, kuahirisha hakuonekani.

Niliomba kisu, tukalichana ubavu. Mdogo wangu bado sijamwambia.