Shukrani ya Mgonjwa ni Kuimaliza Dawa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, nataka kukuelezeni kosa nililolifanya mimi mwenyewe, ili mwingine asilirudie.

Wengi wetu watu wa pwani tuna vijana wetu wanaochuma riziki Nairobi. Mmoja wao, wa mtaa wetu, amepanga chumba kimoja Kawangware, yeye na mkewe na mtoto wao wa miaka miwili. Akapatwa na kifua kikuu. Alikwenda hospitali ya serikali, akapewa dawa bila ya malipo. Baada ya miezi miwili kikohozi kikakatika na mwili ukamrudi. Mamake akasafiri kutoka huku kwenda kumsomea dua ya shukrani, nami nilikuwako Nairobi siku hizo, nikaalikwa. Tukasoma, tukaomba, tukala. Kisha mama akaniuliza: "Sheikh, mwanangu amekwisha pona. Kuendelea na vidonge si kumtilia shaka Mungu aliyemponya?"

Nikasema, "Alhamdulillahi," nikanawa mikono, nikaenda zangu.

Vidonge vikaachwa. Haikupita miezi mitatu kikohozi kikarudi, na zile dawa za kwanza hazikumfaa tena. Maradhi yalikuwa yamekwisha kuwa sugu. Mtoto naye akaanza kukohoa. Leo wote wawili wamo katika matibabu, na kila nikikumbuka lile jibu langu naona haya mbele ya Mola wangu.

Swali la mama yule lilikuwa na jibu, na jibu lake ni la zamani. Mabedui walimwuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, akawaamrisha wajitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake. Na Nabii Ayyub (A.S.), ambaye kwa subira yake hutolewa mfano, alipoomba aondolewe dhara aliamrishwa aipige ardhi kwa mguu wake, yakatoka maji ya kuoga na ya kunywa. Mwenyezi Mungu hakushindwa kumponya bila ya maji hayo. Lakini alimwamrisha mgonjwa ainue mguu wake mwenyewe. Na jamaa wa Nabii Daudi, katika Sura ya Sabaa, waliamrishwa waifanye shukrani kwa vitendo, wala haikutosha kuitamka tu.

Basi yatupasa tuujue ugonjwa huu. Si uchawi, wala si aibu ya ukoo. Kidudu chake kilitambulishwa na daktari Robert Koch wa Ujerumani mwaka 1882. Hupita hewani mgonjwa anapokohoa, hasa katika chumba kisichopita upepo. Matibabu yake ya kawaida ni miezi 6: miwili ya kwanza kwa dawa nne, na minne iliyobaki kwa dawa mbili. Vidudu vingi hufa mapema, ndipo mgonjwa akaona nafuu. Vinavyobaki ni vichache vilivyo vigumu, na anayeacha dawa njiani huviachia hivyo nyumba yake.

Zamani matibabu yalichukua mwaka na nusu au zaidi. Mwanzo wa miaka ya 1970 majaribio yaliyofanywa hapa hapa Afrika Mashariki, kwa wagonjwa wa kwetu, yalionyesha kwamba miezi 6 yaweza kutosha. Neema hii imetoka katika vifua vya ndugu zetu. Kuitupa nusu yake ni kuikufuru.

Nilipotoka kumwamkua kijana yule aliporudiwa na maradhi, nilipitia Kibera, mtaa wa Makina, kwa bibi mmoja wa Kinubi ambaye mumewe ana ugonjwa ule ule. Kila siku baada ya sala ya Alfajiri humfungulia mumewe dirisha, humpa vidonge, na humtazama mpaka ameze; kisha hutia alama katika kalenda. Wajukuu wote amekwisha wapeleka kupimwa. Nikamwambia, "Naona mzee amepona." Akasema, "Nafuu ipo, mwanangu, Alhamdulillahi. Kupona ni kwa Mungu. Mimi nimeaminiwa vidonge, na bado siku arubaini."

Nilisoma miaka mingi mbele ya masheikh, lakini siku ile mwalimu alikuwa bibi yule.

Ndugu zangu, ajali ikifika hapana dawa iizuiayo, na aliyemwuguza mgonjwa wake kwa ukamilifu hatakuwa na majuto wala hatakosa ujira. Lakini kabla ya ajali kuna amana. Ukialikwa kwenye dua ya mgonjwa, itikia Amin, kisha uliza: dawa imebaki ya siku ngapi, na watoto wamepimwa?

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awatie nguvu wanaowauguza, na atusamehe sisi tulionyamaza. Amin.