Bangili ya Shilingi Mia Tano

Naanza na kosa langu mwenyewe, maana nikianza na ya Wamarekani utasoma kwa raha tu. Mwaka 2001 nilikuwa mweka hazina wa umoja wa vijana wa kanisa letu, Dar es Salaam. Jamaa mmoja akatuletea mfuko wa bangili za uzi wa kufumwa, zina herufi nne: WWJD. Ni kifupi cha swali la Kiingereza, Yesu angefanya nini? Tulizichukua kwa shilingi 200, tukaziuza 500 kwenye semina ya vijana kule Kurasini. Ziliisha kabla ya chai ya saa nne. Jioni ndipo nikasikia kwamba mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinunua yake kwa nauli ya kurudia, akapiga mguu mpaka Tandika. Nilicheka, nikasema huyo ndiye Mkristo bwana. Usiku sikucheka tena.

Baadaye nilianza kuchimba asili ya bangili ile. Swali lenyewe lilienezwa na mchungaji Charles Sheldon wa Topeka, jimbo la Kansas. Mwaka 1896 alikuwa akiwasomea waumini wake hadithi, Jumapili jioni, sura moja moja, nayo ikawa kitabu kiitwacho In His Steps. Humo mtu asiye na kazi anasimama kanisani, anawauliza waumini wana maana gani wanaposema wanamfuata Yesu. Anaanguka pale pale, na baada ya siku chache anakufa. Ndipo baadhi yao wanaahidi kwamba kwa mwaka mzima hawatafanya jambo bila kujiuliza lile swali kwanza. Sasa tazama wanaoulizwa ni akina nani: mhariri wa gazeti, mfanyabiashara, mwimbaji ambaye sauti yake ingempatia fedha nyingi. Watu wazima, wenye kipato! Mhariri anaacha kuchapa habari za ngumi, na wanunuzi wanamkimbia.

Mwaka 1989 kiongozi wa vijana wa kanisa moja katika mji wa Holland, Michigan, alitaka vijana wake wasilisahau swali hilo, akaagiza bangili. Nia yake sina neno nayo. Lakini miaka ya 1990 bangili zikawa mamilioni, zikafuatwa na fulana, kofia, vikombe na vishikio vya funguo. Swali lililomlenga mwenye duka likahamia kwenye mkono wa mtoto, na mwenye duka akabaki nyuma ya kaunta akihesabu noti. Kama mimi Kurasini.

Na wala tusidhani zamani kulikuwa safi. Machi 1900 Sheldon alipewa gazeti la Topeka Daily Capital alihariri kwa wiki moja jinsi alivyoona Yesu angelihariri. Gazeti la nakala elfu kumi na kitu likapanda likapita 300,000 kwa siku. Ndiyo kusema hata kuikataa biashara kuligeuka biashara.

Halafu kuna Biblia zenyewe. Mwaka 2003 kampuni ya Thomas Nelson ya Nashville ilitoa Revolve, Agano Jipya zima ndani ya umbo la gazeti la wasichana: jalada lenye mabinti wanaocheka, maswali ya kujipima, siri za urembo, maoni ya wavulana. Mwaka uliofuata wavulana nao wakapata ya kwao, Refuel. Ndani ya Revolve msichana anashauriwa asali huku akijipaka mafuta ya kukinga jua, na anaambiwa kwamba binti wa Revolve hampigii mvulana simu. Hili la simu si la Mathayo wala la Paulo. Ni la mhariri. Lakini limekaa jirani na Mathayo, kwenye karatasi ile ile inayong'aa, na binti wa miaka 14 atalitenganishaje?

Wazee watasema, si tulisema? Biblia isiguswe! Hapo siendi nao. Bibi yangu alisoma Union Version ya mwaka 1952 mpaka gundi ikaachia, na nilipoleta Habari Njema nyumbani akaiita Biblia ya kitoto. Mimi nilihitaji hiyo ya kitoto. Ile ya bibi nilikuwa naisikia kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Na maneno ya Revolve yenyewe ni ya New Century Version, tafsiri ambayo mizizi yake ni Agano Jipya lililotolewa mwaka 1978 kwa ajili ya viziwi, ambao wengi wao Kiingereza kwao ni lugha ya pili. Toleo la watoto likafuata mwaka 1986. Aliyerahisisha kwa ajili ya kiziwi alijiuliza ni nini kimemfungia mwenzake nje. Aliyeongeza siri za urembo nadhani aliuliza swali jingine: huyu huwa ananunua nini?

Utaniambia, je, kama binti atavutwa na urembo kisha akamsoma Luka? Inawezekana kabisa. Mimi mwenyewe nilianza kwenda kanisani kwa sababu ya gitaa. Ila gitaa halikuniambia kwamba nina kasoro. Gazeti la urembo linaishi kwa kasoro yako; ukijiona umetosha, mwezi ujao hulinunui. Sasa umchukue binti anayesikia habari hiyo kila upande, umletee Injili, na Injili nayo ije imevaa sauti ile ile? Hapo ndipo kinaponikwama.

Mwaka jana nilimsimulia mdogo wangu haya yote. Ana watoto wawili sasa, na bangili ilikatika siku nyingi. Akasikiliza, akauliza, "Kaka, ile faida ya shilingi mia tatu mia tatu, mlifanyia nini?"

Nikamwambia tulinunua spika ya kanisa.

"Ile iliyoungua?"

"Ile ile."

"Basi nirudishie nauli yangu," akasema, akanyoosha mkono. Alikuwa anacheka, lakini mkono hakuushusha, nami nikaanza kupapasa mfukoni.