Je, Ni Haki Kuwafungulia Wachache Shule Ndogo?

Mama mmoja wa mtaa wetu hapa Kolwezi aliniuliza: «Mwalimu, mwanangu ana miaka 12, naye tangu utoto huosha mawe ya shaba mtoni. Je, akaketi darasa la kwanza pamoja na wadogo wa miaka 6?» Baba mmoja aliyesikia akadakia: «Na akifunguliwa darasa lake dogo, je, wangu wanaosongamana katika shule kubwa wamekosa nini?»

Wote wawili wanastahili jibu.

Kwa mapatano ya mwaka 1977 Kanisa huongoza shule nyingi katika nchi yetu, lakini ni shule za Serikali, zenye masomo yaleyale kwa wote. Tangu mwaka 2019 Serikali imeondoa malipo katika shule zake za msingi. Ni jambo jema kabisa. Lakini mlango ulipofunguliwa, watoto waliingia wengi, madarasa yakajaa. Mwalimu mwenye watoto wengi hivyo atamngojaje aliyechelewa?

Hapo ndipo penye kazi ya shule ndogo. Masista wa Mchungaji Mwema walianza kazi yao Kolwezi mwaka 2012. Watoto wa machimboni waliwafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, wakawapa chakula, kisha wakawapeleka katika shule za kawaida. Serikali nayo ina vituo ambamo mtoto aliyechelewa hujifunza kwa miaka 3 mambo ya miaka 6.

Je, ni upendeleo? Sivyo. Mama anayempikia mgonjwa uji, na wazima ugali, hakumdhulumu mtu. Haki ni kumpa kila mmoja kinachomfaa.

Lakini tujihadhari. Shule ndogo inayochagua watoto hodari au wenye wazazi matajiri, ikachukua na walimu bora, hiyo ni ukuta. Basi tuipime kwa maswali matatu: Imeanza na nani? Mlango wake unaelekea wapi? Inawarudishia nini wengine? Ikianza na wa mwisho, ikiwaelekeza kwenye shule ya wote, na walimu wake wakiwaonyesha wenzao njia waliyoigundua, watoto wa yule baba nao watafaidika. Chachu haifai kitu mpaka ichanganywe na unga.

Juzi nilimwona tena mtoto yule njiani, gunia begani. Hajaanza kusoma bado. Na chumba chetu cha mafundisho ya dini hukaa kitupu siku nyingi za juma. Ndugu, tumwendee mkaguzi wa shule tuombe ruhusa, tutafute mwalimu mmoja mvumilivu, tuanze na watoto wachache. Tukingoja mpaka tuweze kuwasaidia wote siku moja, mtoto huyu atakuwa mtu mzima asiyejua kuandika jina lake.