Anayesaini Lazima Aone

Wanangu,

Ninyi mlionunua nyumba Norfolk, Cornwall na vijiji vya Lincolnshire ambako bomba la gesi halijafika, najua yanayopita vichwani mwenu. Fundi amekutajia bei ya kufunga boila ya mafuta, umeguna, ukajiambia: mabomba ya shaba nayaweza, spana ninazo, nitafunga mwenyewe. Sikukatazi. Kazi ya gesi waachieni waliosajiliwa, lakini kwenye mafuta sheria ya England haimzuii mwenye nyumba kufunga boila yake kwa mikono yake. Ila kuruhusiwa kufunga si kuruhusiwa kujipa cheti, na hapo ndipo vijana wengi wanapokwama, boila iko ukutani, baridi imeingia, na hakuna fundi anayetaka kuigusa.

Neno langu kwenu ni moja: anayesaini anabeba alichokiona kwa macho yake. Shikeni hilo, mengine yatajipanga.

Kwanza, jueni kwamba kuna karatasi mbili, na moja haifanyi kazi ya nyingine. Ya kwanza ni ya halmashauri. Kanuni za majengo, sehemu ya J, zinahusu vyombo vinavyounguza mafuta, mabomba yake ya moshi na matangi yake. Fundi aliyesajiliwa na OFTEC, chombo cha sekta ya mafuta kilichoanzishwa mwaka 1991, anaruhusiwa kuithibitisha kazi aliyoifanya mwenyewe: anajaza fomu ya CD10, taarifa inafika halmashauri, nawe unapata cheti. Wewe hujasajiliwa. Kwa hiyo unapeleka taarifa idara ya ukaguzi wa majengo kabla hujaanza kazi, unalipa ada, mkaguzi anakuja kuangalia, na mwisho anakupa cheti cha kukamilika.

Karatasi ya pili ni ya kuiwasha boila rasmi, nayo ni CD11. Anayeitoa ni fundi anayekuja na vipimo, anarekebisha kichomeo na kuandika namba alizozipata. Karatasi yake inasema moto unawaka inavyotakiwa. Haichukui nafasi ya cheti cha halmashauri, na fundi mwenyewe hana ruhusa ya kuthibitisha ufungaji wa mtu mwingine kana kwamba kaufanya yeye. Ukimpigia simu mambo yamekwisha, ukamwambia "njoo unisainie tu," unamwomba kitu ambacho fundi anayejiheshimu hana cha kukupa.

Sasa tazameni wanachokwenda kukiangalia mkaguzi na fundi, mtaelewa kwa nini hawatosheki na maneno yako. Tanki likibeba zaidi ya lita 2,500, au likiwa ndani ya mita 10 kutoka mto au mfereji, linatakiwa liwe na ukuta wa pili wa kuzuia mafuta yakivuja. Likiwa karibu na ukuta wa nyumba usiohimili moto, linakaa umbali wa mita 1.8. Chini yake panahitaji sakafu imara isiyoungua, iliyozidi tanki milimita 300 kila upande, ili majani yasiote hadi kuligusa. Bomba la mafuta haliungwi kwa risasi ya kuchomelea kama bomba la maji, kwa sababu moto ukitokea risasi inayeyuka na kuulisha moto mafuta. Halafu kuna vali ya moto: inafungwa nje, kabla bomba halijaingia ndani, na kitambuzi chake cha joto kinakaa juu ya kichomeo. Joto likipita kiasi, mafuta yanakatwa yakiwa bado nje ya nyumba.

Mengi ya hayo ukishayafukia au kuyaziba hayaonekani tena. Mtaro ukishajaa udongo, nani atajua kama uliunga kwa risasi? Ndiyo maana nawaambia: bomba la chini ya ardhi lipimwe kwa shinikizo na lionekane likiwa wazi. Ukilifukia mapema, mkaguzi ana haki ya kukwambia fukua.

Siku ya kuwasha, kaa karibu na fundi uone kazi yake. Atachomoa nozeli asome kilichochongwa ubavuni: kiasi cha mafuta kwa saa, kwa galoni za Kimarekani, na nyuzi za mnyunyizo. Atailinganisha na kitabu cha boila. Atafunga geji kwenye pampu na kugeuza skrubu kidogo kidogo mpaka shinikizo lifike pale mtengenezaji alipoandika, maana nozeli ile ile hutoa mafuta mengi zaidi shinikizo likipanda. Kisha anatumbukiza mrija kwenye tundu la bomba la moshi na kuvuta moshi kwa pampu ya mkono kupitia kipande cha karatasi nyeupe. Anakitoa, anakiweka kando ya kadi yenye madoa kuanzia sifuri, jeupe, hadi tisa, jeusi tii. Karatasi ikibaki nyeupe, anafurahi. Ikiingia kijivu, anarudi kwenye mlango wa hewa wa kichomeo, anaufungua kidogo, anapima tena. Mwisho anatia mashine ya kupima gesi, inayomwonyesha hewa ya ukaa na kaboni monoksidi.

Mafuta yenyewe si mageni kwenu. Ni mafuta ya taa. Jiko la mchina utambi ukikaa vibaya, sufuria inaingia masizi na mama anaisugua kwa mchanga. Boila nayo inapata masizi, lakini yanaganda ndani usikoyaona, yanakula mafuta yako na kuziba njia ya moshi. Moshi uliokosa njia unaweza kurudi ndani na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomkuta mtu usingizini. Tangu Oktoba 2022, ukifunga boila England unatakiwa uweke king'ora cha gesi hiyo kwenye chumba ilipo. Usisubiri mkaguzi akuulize.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Utakapouza nyumba, wakili wa mnunuzi atauliza cheti. Boila ikiharibika ndani ya dhamana, kampuni itauliza nani aliiwasha na namba alizoandika ziko wapi. Mafuta yakivuja hadi kisima cha jirani, kampuni ya bima itauliza karatasi zote mbili.

Kwa hiyo fuateni mpango huu. Kabla hujanunua hata kiungo kimoja, peleka taarifa halmashauri na umuulize mkaguzi anataka kuona nini na katika hatua gani. Siku hizo hizo tafuta fundi aliyesajiliwa aliye tayari kuja kuwasha, mweleze wazi kwamba unafunga mwenyewe, na mwonyeshe boila na mahali pa tanki kabla ya kazi. Wengine watakataa, usinune, ni haki yao. Atakayekubali, mfuate anavyotaka, hata akikwambia hamisha bomba la moshi kwa sababu liko karibu mno na dirisha. Tunza kitabu cha boila na picha za kila hatua, japo picha hazichukui nafasi ya macho ya mkaguzi.

Na wewe uliyekwisha kufunga bila kumwambia mtu, usijifiche. Halmashauri ina njia ya kuhalalisha kazi iliyofanyika bila taarifa. Ni ghali kuliko kuanza vizuri, na huenda ukaambiwa ufukue mtaro au ubomoe kasha la ukutani. Kubali. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Mwisho, jihadharini na fundi wa simu. Atakuambia, "Nitumie picha na pesa kidogo, cheti utakipata jioni." Maneno yake ni matamu kwa sababu umechoka na nyumba ni baridi. Mshukuru, kata simu. Karatasi ya mtu asiyefika kwako haitakutetea kwa wakili wala kwa bima, na yeye mwenyewe hatakuwepo usiku ambao moshi utakosa njia. Mlipe anayekuja, apige magoti mbele ya boila, achafue mikono, ndipo atoe kalamu.