Zimwi Likujualo

Wazee walinena: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii hutumiwa sana kumzuia mtu asijaribu jambo jipya. Lakini haisemi zimwi tulijualo, bali litujualo. Wala haisemi kwamba halili. Linakula, ila hubakiza.

Tuchukue mfano wa mzazi wa Kinanira, hapa Bujumbura, amtafutiaye mwanawe shule. Hukishika Kifaransa kwa kuwa ndicho alichosomeshwa. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na sheria ya mwaka 2014 ikakifanya Kiingereza nacho lugha rasmi, bado husitasita. Kiswahili, ingawa hukisikia sokoni kila siku, hukidhania lugha ya Buyenzi tu (kana kwamba Buyenzi si Bujumbura!). Hatumlaumu. Hasara ya jambo jipya mtu huihesabu kabla ya kuanza. Hasara ya alichokizoea huilipa kidogo kidogo, asiihesabu kamwe.

Ila twauliza: zimwi hilo lamjua nani? Lamjua mzazi. Mtoto aliyelelewa kwa Kirundi hukutana na Kifaransa kama mgeni kabisa. Lakini yeye asemaye nyumbani umuntu na umwana, akisikia darasani mtu na mwana, huinua kichwa.